Mpango wa kulipa madeni Uingereza: acha difolti ije mapema

Katika watu wanaoingia kwenye mpango wa kulipa madeni hapa Uingereza, anayeteseka muda mrefu zaidi ni yule anayetaka kupunguziwa marejesho huku rekodi yake ya mikopo ibaki haina doa. Mambo hayo mawili hayapatikani kwa pamoja. Siku unayowaambia wadai kwamba huwezi kulipa kiasi mlichoandikiana, doa lipo. Kilichobaki mikononi mwako ni kuchagua lianze kuhesabiwa lini, na kwa maoni yangu difolti, yaani alama rasmi ya mdai kwamba umeshindwa kulipa, ije mapema iwezekanavyo.

Mpango huu, ambao wengi wanauita DMP (Debt Management Plan), si amri ya mahakama. Ni maelewano tu: unalipa kiasi kimoja kila mwezi kwa shirika linalousimamia, nalo linawagawia wadai kulingana na ukubwa wa deni la kila mmoja. Tuseme unadaiwa pauni 14,400: kadi ya kwanza 6,000, mkopo wa benki 4,800, kadi ya pili 2,400 na ovadrafti (pesa uliyochukua benki zaidi ya salio lako) 1,200. Ukiweza pauni 120 kwa mwezi, wadai watapata 50, 40, 20 na 10 kwa mfuatano huo, na utamaliza baada ya miezi 120, yaani miaka kumi, ikiwa riba imesimamishwa. Wadai wengi huisimamisha au kuipunguza, lakini hakuna sheria inayowalazimisha kufanya hivyo kwenye DMP. Scotland ni tofauti: kuna mpango wa kisheria uitwao Debt Arrangement Scheme, na ukishaidhinishwa na ukaukamilisha, riba na tozo zote zinafutwa. Anayeishi Glasgow aanze kuuliza huo.

StepChange na PayPlan wanaendesha mpango bila kukutoza hata senti. Zipo kampuni zinazokata ada kila mwezi kutoka kwenye rejesho lako, na sioni sababu yoyote ya kuzilipa kwa kazi ambayo wengine wanaifanya bure. Ukitafuta msaada mtandaoni utakutana pia na matangazo yanayoahidi kukufutia sehemu kubwa ya deni. Mara nyingi wanachouza ni IVA (Individual Voluntary Arrangement), ambayo ni mkataba wa kisheria na wadai wenye ada nzito, na ukivunjika katikati unaweza kurudishiwa deni karibu lote. Tangu Oktoba 2023 mamlaka ya fedha, FCA, imezipiga marufuku kampuni za kati kulipwa kamisheni kwa kupeleka watu huko. Matangazo hayajaisha.

Kabla ya kumpigia mdai yeyote simu, fungua akaunti mpya ya benki. Hili watu huliruka, kisha mshahara unaingia kwenye akaunti yenye ovadrafti na benki inajichukulia chake. Benki ina haki ya kuchukua pesa zilizo kwenye akaunti yako kufidia deni unalodaiwa na benki hiyohiyo, hata kama deni liko kwenye kadi. Kwa hiyo akaunti mpya iwe katika benki usiyodaiwa nayo, wala isiwe ya kundi moja na unayodaiwa: Halifax na Lloyds ni wamoja, NatWest na Royal Bank of Scotland ni wamoja, First Direct ni ya HSBC. Omba akaunti ya msingi isiyo na ovadrafti. Hamisha mshahara, marupurupu ya serikali, kodi ya nyumba na bili, subiri mshahara mmoja uingie salama, ndipo ufute dairekti debiti (ruhusa za wadai kukata malipo kwenye akaunti) za madeni kwenye akaunti ya zamani. Mikopo ya muda mfupi hukata moja kwa moja kwenye namba ya kadi, na huo si utaratibu wa dairekti debiti. Iambie benki kwa maandishi kwamba umeondoa ruhusa hiyo. Benki inalazimika kuzuia.

Halafu tenganisha madeni. Kodi ya nyumba au mogeji, kodi ya kaunsili, umeme na gesi, faini za mahakama, matunzo ya mtoto na gari la mkopo yanalipwa kwanza na kwa ukamilifu, kwa sababu ukikwama hapo unaweza kupoteza nyumba, kuletewa mawakala wa kukamata mali au kunyang'anywa gari. DMP ni ya kadi, mikopo isiyo na dhamana, ovadrafti na akaunti za madukani. Anayepiga kelele zaidi kwenye simu kwa kawaida ni mwenye kadi, ambaye ndiye mwenye meno machache. Watu humlipa huyo kwa hofu, kodi ya kaunsili ikasubiri. Ni kinyume kabisa.

Bajeti ndiyo inayoamua kama mpango utafika mwaka wa pili. Washauri wanatumia fomu moja, Standard Financial Statement, yenye viwango vya matumizi kwa chakula, mawasiliano na mahitaji binafsi. Ukivuka kiwango, unaombwa maelezo tu, wala hukataliwi hapo hapo. Kwetu sisi shida iko kwenye pesa ya nyumbani. Mtu anajaza fomu kana kwamba hatumi chochote, anaahidi wadai pauni 200, mwezi wa tatu unaingia msiba Tanga au ada ya mdogo wake Mombasa, na mpango unakatika. Sema ukweli tangu mwanzo. Mshauri anaweza kukubana upunguze, na mdai anaweza kunung'unika, lakini rejesho la pauni 120 linaloingia kila mwezi lina nguvu kuliko 200 linaloingia mara mbili. Vitu vya mwaka mzima, kama michango, sikukuu, sare za shule na ukaguzi wa gari, vijumlishe, ugawe kwa 12, uviandike.

Upatu nao usiufiche. Kama umeshapokea zamu yako, raundi zilizobaki ni deni kwa watu ambao hawana shirika lolote la kuwasemea, na ukiacha kuchangia, kinachovunjika ni zaidi ya pesa. Kama zimebaki mbili au tatu, mwambie mshauri, muone kama inafaa uzimalize kabla rejesho la kwanza halijaanza. Raundi mpya usiingie.

Sasa tuje kwenye difolti. Mdai akiona umechelewa kulipa kwa miezi mitatu hadi sita, anatakiwa aandike difolti kwenye rekodi yako kwa Experian, Equifax au TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Difolti hukaa miaka sita tangu siku ilipoandikwa, kisha akaunti nzima inatoka, iwe umemaliza kulipa au bado. Alama nyingine, ile ya kusema una makubaliano ya kulipa pungufu, inaonekana ya heshima zaidi, na wengi huifurahia. Lakini akaunti yenye alama hiyo haina saa inayohesabu. Chukua mfano wetu wa miaka kumi: ukianza 2026 na difolti ikaandikwa mwaka huo, 2032 rekodi yako imesafishika ingawa bado unalipa. Ukibaki na alama ya makubaliano, utamaliza kulipa 2036, na akaunti iliyofungwa itaendelea kuonekana miaka sita mingine, hadi 2042. Adhabu ya yule aliyejitahidi asipate difolti ni miaka kumi ya ziada.

Ndiyo maana simshauri mtu ajikamue kulipa nusu nusu miezi mitano ya kwanza ili tu asiharibikiwe. Hulka ya kutaka jina lisichafuke naielewa, ila hapa inamfanyia mwenyewe hasara. Ukiona mdai mmoja hajaandika difolti hata baada ya miezi sita ya marejesho pungufu, mwandikie malalamiko ukiomba aiandike kwa tarehe ya nyuma. Ana wiki nane za kukujibu. Asipokubali, peleka kwa Financial Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha, hawatozi.

Miezi minne ya mwanzo ndiyo migumu, na ni vizuri ujue barua zipi zinatoka kwa mashine. Taarifa ya malimbikizo inatumwa kwa matakwa ya Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974, na itaendelea kuja hata unapolipa kwa mpango. Notisi ya difolti inakupa angalau siku 14 za kulipa malimbikizo. Hutaweza, na ndivyo inavyotarajiwa. Baadaye inakuja barua ya kusema deni limeuzwa kwa kampuni nyingine. Itume kwa msimamizi wako abadilishe jina la mpokeaji, na angalia kwamba tarehe ya difolti haijasogezwa mbele. Mnunuzi wa deni haruhusiwi kuanzisha difolti mpya. Kuhusu simu, una haki ya kuomba mawasiliano kwa barua tu.

Barua mbili hazina mchezo. Ya kwanza ni ile ya kutangaza nia ya kwenda mahakamani: una siku 30 za kuijibu, na humo ndimo unapoeleza kuwa uko kwenye mpango. Ya pili ni fomu ya mahakama ya kaunti yenyewe, ambayo ina siku 14, au 28 ukikiri kwanza kuipokea. Usipojibu, hukumu inatoka bila wewe, kwa masharti ya mdai, na inakaa kwenye daftari la umma miaka sita. Mtu aliyejaza fomu na kupendekeza kiasi kilekile cha mpango mara nyingi huishia kulipa kilekile.

Ukihitaji nafasi ya kupanga haya yote, England na Wales wana Breathing Space tangu Mei 2021: siku 60 ambazo wadai hawaruhusiwi kukudai wala kuongeza riba kwenye madeni yaliyoingizwa. Inaombwa kupitia mshauri wa madeni, na huwezi kuirudia ndani ya miezi 12.

Lakini je, DMP inakufaa kweli? Kama baada ya matumizi unabaki na pauni 75 au pungufu, madeni hayazidi 50,000, mali yako haizidi 2,000 na gari halizidi 4,000, uliza kuhusu DRO (Debt Relief Order), amri ya kufutiwa madeni ya England na Wales, kabla ya jambo lolote. Ada yake ilifutwa Aprili 2024, na madeni yaliyoingizwa hufutwa baada ya miezi 12. Kumweka mtu wa namna hii kwenye DMP ya miaka 20 ni kumtesa bure. Hata hivyo wengi wetu tunakwama kwenye swali la mali: kiwanja Kibaha au nyumba isiyokwisha Kitengela ni mali, hata kama iko nje ya Uingereza, na kuificha ni kosa. Kwenye DMP hakuna anayekulazimisha uuze kiwanja chako. Hiyo ndiyo sababu ya maana kuliko zote inayonifanya niupendekeze kwa watu wetu.

Katika maisha ya kila siku, utaona mabadiliko sehemu usizotarajia. Bima ya gari ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi ni mkopo, kwa hiyo unaweza kunyimwa. Weka akiba ulipe ya mwaka. Simu itakuwa ya laini peke yake, bila mkataba wa kifaa. Akaunti ya pamoja na mwenzi wako inaunganisha rekodi zenu, na deni mlilosaini wawili anadaiwa yeye lote hata kama wewe uko kwenye mpango. Mzungumze kabla barua hazijaanza kuja.

Wanaosubiri uraia huuliza sana. Mwongozo wa Home Office (wizara ya mambo ya ndani) kuhusu mwenendo mwema unasema kuwa na deni peke yake kwa kawaida si sababu ya kukataliwa, hasa pale mwombaji anapofanya juhudi za kulilipa. Kwa hiyo tunza taarifa za malipo ya DMP, ni ushahidi. La kuogopa zaidi ni bili ya matibabu ya NHS ya pauni 500 au zaidi isiyolipwa, kwani hiyo inaweza kukwamisha maombi ya viza.

Kila mwaka msimamizi atapitia bajeti yako upya. Mshahara ukishuka, mpigie siku hiyohiyo; rejesho linaweza kushushwa, lakini likirukwa bila taarifa wadai wanaanza kujiondoa. Na difolti zikianza kukaribia miaka sita, wadai wengi huwa tayari kusikia ofa ya mara moja: mathalani pauni 700 kumaliza 1,500 iliyobaki. Iandike, isiwe ya mdomo. Usitume pesa kabla ya kupata barua inayosema wamekubali kiasi hicho kumaliza deni lote na kwamba salio halitauzwa kwa mwingine. Barua hiyo usiitupe hata rekodi ikishasafishika, maana madeni yaliyokwisha huibuka tena mikononi mwa mnunuzi mpya.