Dakika 39 za Luol Deng

Wiki iliyopita nilisimama kando ya uwanja wa kikapu wa sekondari moja hapa Tanga nikitazama mechi ya kirafiki. Kijana mmoja mrefu wa kidato cha tatu alicheza robo zote nne, kifundo cha mguu wa kushoto kimefungwa bandeji. Mpira ulipokwisha nikamuuliza mwalimu wake mbona hakumpumzisha hata kidogo. Akanijibu, "Kaka, Luol Deng alikuwa anapiga dakika 39 kila mechi NBA. Huyu dakika 40 zitamfanya nini?" Mwenzake mmoja akadakia palepale: "Deng gani? Yule aliyekula hela za Lakers akiwa benchi?"

Wanamzungumzia fowadi mstaafu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, aliyecheza miaka mingi Chicago Bulls na baadaye Los Angeles Lakers. Wote wawili wako sahihi kwa wanachokitaja. Ninachoona hawakukiona ni kwamba maneno ya mwalimu ndiyo yanayoyajibu maneno ya mwenzake.

Tuanze na hizo dakika, maana watu huzitaja wakapita. Mechi ya NBA ina dakika 48. Msimu wa 2011-12 Deng alicheza wastani wa dakika 39.4, na ligi nzima hakuna aliyemzidi. Msimu uliofuata akaongoza tena, 38.7. Mwaka mmoja kabla ya hiyo miwili alikuwa amecheza mechi zote 82 za Chicago Bulls kwa wastani wa dakika 39.1. Ukizidisha unapata zaidi ya dakika 3,200, yaani saa 53 na kitu, na hapo hujagusa mechi za mtoano, ambako Chicago ilifika fainali ya Kanda ya Mashariki ikatolewa na Miami.

Na saa hizo ni za fowadi. Anayecheza namba tatu, yaani fowadi wa pembeni, kwenye timu inayoishi kwa ulinzi hapewi mtu wa kumpumzikia. Leo anamkaba LeBron James, keshokutwa Carmelo Anthony, anasukumwa, anapita katikati ya vizuizi, halafu mpira ukigeuka anatakiwa awe wa kwanza kukimbia upande wa pili. Msimu ule wa mechi 82 alifunga wastani wa pointi 17. Watu wanazikumbuka hizo pointi. Mwili wake unakumbuka mengine.

Mwaka 2009 alikosa mechi za mtoano kwa ufa kwenye mfupa wa muundi. Januari 2012 alichanika kano ya kiwiko cha mkono wa kushoto, pale kiganja kinapoungana na mkono. Upasuaji ungemwondoa uwanjani kwa muda mrefu na kumkosesha Olimpiki ya London, jiji lililompokea utotoni baada ya familia yake kukimbia vita Sudan na kupitia Misri. Akakataa upasuaji. Akamaliza msimu na mkono huo, akaenda kuichezea Uingereza na mkono huohuo. Aprili mwaka huo Derrick Rose, nyota wa Chicago, aliumia goti, na msimu uliofuata mzigo wa Rose ukagawiwa waliobaki. Mei 2013, katikati ya mechi za mtoano, madaktari walimchoma Deng sindano mgongoni kupima kama ana homa ya uti wa mgongo. Hakuwa nayo, lakini sindano yenyewe ilimletea madhara makubwa na hakurudi tena uwanjani msimu ule.

Nakaa sana hapa kwa sababu mjadala wa Deng karibu kila mara huanzia mwaka 2016, kana kwamba mtu huyu alizaliwa siku aliyosaini mkataba na Lakers.

Sasa nimpe haki yake Tom Thibodeau, kocha aliyempa Deng dakika hizo Chicago, na kupitia kwake mwalimu wetu wa Tanga. Timu yake ilishinda mechi 62 katika msimu wake wa kwanza. Kocha huajiriwa ili ashinde, na hufukuzwa asiposhinda. Deng mwenyewe hakuwa mtu wa kuomba kutoka, na heshima yake ilijengwa hapohapo: mara mbili, 2012 na 2013, alichaguliwa kwenye mechi ya nyota. Tena Jimmy Butler, mwenzake wa Chicago, alipoirithi nafasi hiyo naye alipewa dakika nyingi kama hizo, na baada ya Chicago alicheza kwa ubora miaka mingi. Kwa hiyo siwezi kusema dakika zinamvunja kila mtu. Hoja hiyo ina uzito, na anayeisema hadanganyi. Ila Butler na Deng ni miili miwili tofauti, na hakuna kocha anayejua mapema ni upi alionao mkononi.

Tuje kwenye hela. Julai 2016 Lakers walimpa Deng mkataba wa miaka minne, dola milioni 72. Alikuwa na miaka 31 na misimu 12 mwilini. Msimu wa kwanza alicheza mechi 56 akifunga pointi chini ya 8 kwa mechi. Msimu wa pili alicheza mechi moja. Moja tu. Septemba 2018 wakaachana naye, na malipo yake yakaendelea kuonekana kwenye hesabu zao hadi msimu wa 2021-22. Shabiki wa Lakers akikasirika, namwelewa. Ligi yenye ukomo wa mishahara, fedha iliyofungwa kwa mchezaji asiyecheza ni mchezaji mwingine aliyekosekana. Na Lakers hawakuwa na deni lolote la dakika alizoitumikia Chicago.

Lakini walinunua nini? Miezi michache kabla, akiwa Miami, Deng alihamishiwa namba nne, fowadi wa karibu na kikapu, baada ya Chris Bosh kuugua. Pale kasi ya kumkimbiza mtu wa pembeni haikuhitajika sana; akili yake, mikono yake na mtupo wake vilitosha. Akafufuka. Mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Charlotte alifunga pointi 31. Huyo ndiye Deng aliyepandisha bei. Lakers wakamchukua, wakampanga namba tatu, kwa kuwa namba nne alikuwepo Julius Randle. Nyuma yake akasubiri Brandon Ingram, kijana aliyechaguliwa wa pili katika ligi nzima kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka huohuo, na kila dakika ya Deng ilikuwa dakika iliyokopwa kwa kijana huyo. Wakamrudisha kwenye kazi iliyommaliza, halafu wakashangaa kwamba amekwisha. Akabaki benchi akiwa mzima, na mwenye uamuzi wa nani aingie si mchezaji.

Mchezaji hulipwa kwa alichokwisha kukifanya, na miguu imekwisha kutangulia. Deng alitoa miguu yake Chicago kati ya miaka 24 na 28, na mshahara mnono ukamkuta Los Angeles. Kumwita mla hela ni kuisoma risiti bila kuangalia mzigo uliobebwa.

Watetezi wake wengine hukimbilia Sudan Kusini. Ni kweli, akiwa rais wa shirikisho la kikapu la nchi yake ya kuzaliwa amefanya makubwa: Kombe la Dunia 2023, kufungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, jijini London Julai 2024, kisha ushindi dhidi ya Puerto Rico kwenye Olimpiki ya Paris. Nafurahi nayo kama Mwafrika yeyote. Ila sipendi itumike kama msamaha, kwa sababu uwanjani hakuna kosa alilofanya la kusamehewa.

Nilimweleza mwalimu haya yote tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa uwanja, kijana akivua kiatu pembeni yetu taratibu, kwa mikono miwili. Mwalimu akanikumbusha kwamba Deng alikuwa na madaktari, na kwamba kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mechi hufuatana siku kwa siku na wachezaji wa akiba ni wafupi. Yote kweli. Lakini Deng alikuwa mtu mzima, anayelipwa, aliyeweza kusema hapana kwa daktari na akaelewa anachokikataa. Huyu ana miaka 16 na hajaulizwa.

Jumamosi wana mechi nyingine. Nimeomba robo moja tu, ya pili, akae na barafu kifundoni. Mwalimu amesema ataangalia matokeo yatakavyokuwa.