Kibuyu kimoja, wasafiri wawili: Uyahudi unadai nini mtu anapochagua kati ya nafsi yake na mwenzake?

Katika Bava Metzia, mojawapo ya vitabu vya Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa sheria na mafundisho ya marabi wa kale, kuna kisa cha sentensi chache tu ambacho wanazuoni wa Kiyahudi hawajaacha kukijadili. Watu wawili wako safarini, mbali na makazi ya watu, na mmoja wao amebeba kibuyu cha maji. Wakigawana, watakufa wote. Akinywa mwenye kibuyu peke yake, atafika. Mwalimu aitwaye Ben Petura alifundisha kwamba ni afadhali wanywe wote wawili na wafe kuliko mmoja ashuhudie kifo cha mwenzake. Fundisho hilo lilisimama mpaka alipokuja Rabi Akiva, akaishika aya ya Walawi 25:36, inayotaka ndugu yako aishi pamoja nawe, akalikazia lile neno "pamoja nawe": sharti wewe uwe hai kwanza, ndipo ndugu yako apate wa kuishi naye. Uhai wako, akasema, unatangulia uhai wa mwenzako.

Ugumu wa kisa hiki umo katika jina la aliyetoa hukumu. Akiva, aliyeuawa na Warumi karibu na mwaka 135, ndiye huyo huyo aliyesema kwamba amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, iliyo katika Walawi 19:18, ni kanuni kuu ya Torati. Tena Talmudi inasimulia kwamba alikuwa na jozi 12,000 za wanafunzi, na kwamba wote walikufa katika majira mamoja, kati ya Pasaka na sikukuu ya Majuma, kwa sababu hawakuheshimiana. Hadi leo Wayahudi wengi hawafungi ndoa wala kunyoa nywele katika sehemu kubwa ya majuma hayo. Kwa hiyo anayetaka kusema kwamba Uyahudi unafundisha mtu ajisahau kwa ajili ya wengine, na anayetaka kusema kwamba haufundishi hivyo, wote wawili wanalazimika kupita kwa Akiva.

Upande wa kwanza una watetezi wenye nguvu, na mtetezi wake mahiri zaidi katika karne iliyopita ni Yehuda Ashlag (1885–1954), mfasiri wa Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, aliyezaliwa Polandi akahamia Jerusalem. Katika maandishi yake ya miaka ya 1930, Ashlag alieleza kwamba maumbile ya binadamu ni tamaa ya kupokea, ilhali Mungu ni mtoaji tu, na kwamba amri zote za Torati ni mazoezi ya kuigeuza tamaa hiyo iwe nia ya kutoa. Jirani ndiye uwanja wa mazoezi, kwa kuwa yeye anaonekana kwa macho na mtu hawezi kujidanganya kwa urahisi kwamba anampenda. Lakini je, nani atashughulikia mahitaji yangu nikiwa nashughulikia ya wengine mchana kutwa? Ashlag hakulikwepa swali hilo. Alijibu kwa msemo wa kale wa marabi kwamba Waisraeli wote ni wadhamini wao kwa wao. Neno la Kiebrania hapo ni lile lile la anayeweka sahihi kwenye mkopo wa mwingine, na yeyote aliyewahi kumdhamini mwenzake katika chama cha akiba na mikopo anajua uzito wake, kwani mkopaji akitoroka, ni wewe unayegongewa mlango. Ashlag anasema kwamba watu 600,000 walipokubali chini ya mlima Sinai kudhaminiana hivyo, kila mmoja alipata ruhusa ya kujisahau, kwa maana alijua wengine wote wamekwisha kumkumbuka.

Hoja hii ni nzuri kuliko wanavyokiri wapinzani wake, kwa kuwa haimwombi mtu awe malaika. Inamwahidi usalama kwanza, kisha ndipo inamtaka atoe. Shida yake ni siku ya kwanza. Udhamini huo unafanya kazi wote wakishaingia, na hausemi lolote la kumtuliza yule anayetakiwa aingie kabla ya wenzake. Jangwani, pale penye kibuyu kimoja, hakuna watu 600,000.

Mfano mwingine unaopendwa sana na upande huu ni ule wa Rabi Shimon bar Yochai, mwanafunzi wa Akiva. Watu wamo chomboni, na mmoja wao anatoa kekee anaanza kutoboa chini ya kiti chake. Wenzake wanapopiga kelele, anawajibu kwamba anatoboa mahali pake, hawahusiki. Mfano huu huhubiriwa kama wito wa kujitoa, na kwa maoni yangu unasomwa vibaya. Hakuna anayejitoa mle chomboni. Abiria wanaopiga kelele wanaokoa maisha yao wenyewe, na yule mwenye kekee hakosei kwa kujipenda mno, anakosea hesabu, kwani hajui kwamba maji hayatambui kiti cha nani. Mfano unafundisha kwamba masilahi yetu yamefungamana, na hilo ni fundisho la maana, ila si sawa na kuwatanguliza wengine.

Upande wa pili umejengwa zaidi na wanasheria kuliko wahubiri. Nahmanides, mfasiri wa Biblia wa karne ya 13 aliyeishi Hispania, aliandika waziwazi kwamba moyo wa mtu hauwezi kumpenda mwingine sawasawa na nafsi yake, na akamtaja Akiva na kanuni yake ya uhai kama ushahidi; kinachodaiwa, alisema, ni mtu kumtakia jirani yake heri yote anayojitakia, bila wivu wa kumpunguzia. Marabi waliokutana Usha, huko Galilaya, waliweka hata dari: anayegawa mali yake asizidishe sehemu moja ya tano, asije akawa yeye wa kuombaomba. Na Hillel, rabi mashuhuri wa kale ambaye maneno yake hukatwa nusu na kila upande, aliuliza yote mawili kwa pumzi moja: nisipokuwa kwa ajili yangu, nani atakuwa kwa ajili yangu, na nikiwa kwa ajili yangu tu, mimi ni nini?

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kuuelewa upande huu. Neno letu sadaka, tulilolipata kwa Kiarabu, lina mzizi mmoja na neno la Kiebrania tsedaka. Lakini kwetu sadaka ni hiari ya mtoaji, na asiyetoa haitwi mwizi. Tsedaka maana yake ni haki, na katika sheria ya Kiyahudi inakaribiana zaidi na zaka, kwa kuwa ni deni ambalo baraza la mji lingeweza kukudai.

Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliziweka kanuni za tsedaka katika mfumo. Kila mji uwe na mfuko unaokusanywa Ijumaa hadi Ijumaa kwa ajili ya maskini wa mji, na sinia ya chakula inayozungushwa kila siku kwa yeyote mwenye njaa, hata mpita njia. Wakusanyaji wasipungue wawili, na wagawaji wawe watatu, kwa sababu kugawa ni kama kuhukumu kesi ya mali. Talmudi inaongeza maagizo ambayo mweka hazina wa harambee yoyote angeyatambua: wakusanyaji wasiachane sokoni, mmoja wao akiokota pesa njiani asiitie mfukoni mwake bali aitumbukize kwenye kibweta cha maskini, ataitoa akifika nyumbani, na wakitaka kuvunja sarafu za mfuko, wazivunje kwa watu wengine, si kwao wenyewe. Sheria hizi hazikubaki vitabuni. Katika sinagogi ya Ben Ezra mjini Fustat, Kairo ya kale, kulihifadhiwa kwa karne nyingi rundo la karatasi chakavu, na humo zimepatikana orodha za mgao wa mikate, Jumanne na Ijumaa, zenye majina ya wajane, vipofu, wakimbizi na wageni, kila mmoja na idadi ya mikate yake.

Kuhusu ngazi nane za utoaji alizozipanga Maimonides, inatosha kutaja ile ya juu kabisa, yaani kumshika mtu mkono kwa mkopo, ubia au kazi kabla hajaanguka. Wahenga wetu waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe wangemwelewa mara moja.

Naegemea upande huu wa pili, na sababu yangu ni zile orodha za mikate. Kipofu wa Fustat hakuhitaji kungoja mioyo ya majirani ibadilike. Alihitaji mikate yake Jumanne. Upendo ukigeuzwa sheria yenye kiwango, siku na wakaguzi, unapungua utamu lakini unafika. Historia ya kibbutz, kijiji cha Kiyahudi cha kumiliki mali kwa pamoja, inaelekea huko huko. Degania, kijiji cha kwanza cha aina hiyo, kilianzishwa mwaka 1910 kando ya Ziwa Galilaya na vijana waliotaka kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake na apokee kwa kadiri ya haja yake. Walisukumwa na usoshalisti zaidi ya Talmudi, kwa hiyo si haki kuuhukumu Uyahudi kwa yaliyowapata. Hata hivyo, hakuna jaribio jingine la hiari la Wayahudi lililokwenda mbali hivyo. Mwaka 2007 wanachama wa Degania walipiga kura kila mmoja abaki na mshahara wake, huku akikatwa kodi inayopanda kulingana na kipato ili kuwasaidia wenye kipato kidogo. Wapo walioomboleza. Mimi naona kwamba, baada ya karibu miaka 100 ya kujaribu njia ya Ben Petura, walifika kwenye mfuko wa Maimonides.

Umoja nao unahitaji tahadhari. Talmudi inasema Hekalu la pili, lililoangamizwa mwaka 70, liliponzwa na chuki isiyo na sababu, na fundisho hilo hutumiwa mara nyingi na viongozi kuwanyamazisha wanaowapinga. Lakini marabi hao hao walihifadhi kwa uangalifu maoni ya walioshindwa hoja, na wakakumbusha kwamba shule ya Hillel na shule ya Shammai, zilizopingana hata kuhusu sheria za ndoa, hazikuacha kuoana. Hiyo ndiyo picha ya umoja ninayoiamini zaidi kuliko hotuba.

Hata hivyo, upande ninaouegemea una doa ambalo sheria peke yake haijalifuta. Sheria hupanga foleni: maskini wa nyumbani mwako, kisha wa mji wako, kisha wa mji mwingine, na "jirani" wa Walawi 19:18, kwa tafsiri ya Maimonides mwenyewe, ni Mwisraeli mwenzako. Ni kweli kwamba Talmudi inaagiza maskini wa mataifa mengine walishwe pamoja na maskini wa Israeli, lakini sababu inayotajwa ni njia za amani, na wafasiri bado wanabishana kama hiyo ni busara ya ujirani au ni wajibu kamili. Ben Azzai, mwanazuoni wa zama za Akiva, aliliona doa hili mapema. Akiva alipotangaza kanuni yake kuu, Ben Azzai alimpinga kwamba iko kanuni iliyo kubwa zaidi, ile ya Mwanzo 5:1, "Hiki ndicho kitabu cha vizazi vya Adamu". Hoja yake haikuwa juu ya kiasi cha upendo. Ilikuwa juu ya nani amo kwenye orodha.

Swali hilo lina sura hai karibu na kwetu. Katika vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii ya Waganda wafuasi wa Uyahudi iliyoanza mwaka 1919 kiongozi wao Semei Kakungulu alipoamua kuifuata Torati, ikapungua sana Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, na mwaka 2002 mamia kadhaa ya watu wake wakapokewa rasmi katika Uyahudi mbele ya marabi wa Konsavati, mmojawapo wa mikondo ya Uyahudi wa leo. Mwaka 2004 wakulima wa jamii hiyo walianzisha pamoja na majirani zao Wakristo na Waislamu ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, wauze pamoja na wapate bei iliyo bora. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya la kuhamia nchini humo kama Myahudi. Ushirika ule ulianza na majirani walioishi kilima kimoja, bila kungoja jibu la nani ni ndugu wa nani. Wizara ililazimika kuanza na swali hilo hilo. Hapo mfuko wa Maimonides, pamoja na wakusanyaji wake wawili na wagawaji watatu, haunisaidii, nami narudi kwa Ben Azzai.