Mimi niko wapi hapo?

Wiki jana nimeketishwa kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Kisumu nionyeshwe nani anamuuzia nani omena, kuanzia ufuko wa Dunga hadi soko la Kibuye. Projekta ikawaka, skrini ikajaa nukta na mistari, kila nukta mtu, kila mstari mauzo, kitu kama wavu uliotupwa ufukweni bila kukunjwa. Kijana wa data akashika nukta moja kwa kipanya, akaivuta. Zingine zote zikayumba. Makofi! Mama mmoja mchuuzi akauliza, "Mwanangu, mimi niko wapi hapo?" Kijana akakuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Hakumpata. Tukaitwa chai.

Jamani, kuyumbisha nukta ndiyo kusema mtu anaiuliza data swali?

Pigeni hesabu. Watu 100 wakifanya biashara kila mmoja na mwenzake, hiyo ni mistari 4,950. Wakifika 1,000, ni 499,500. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina vitone milioni mbili na kidogo. Mistari yote hiyo itapita wapi? Na ile mbinu ya nukta kusukumana huku mistari ikizivuta, ambayo mtafiti Peter Eades aliiandika 1984, inapendeza vikundi vikiwa vimeachana. Soko ambalo kila mtu anamdai mwenziwe, wote wanarundikana katikati. Nunua kompyuta ya bei, itakuchorea donge lile lile haraka zaidi. Hongera.

Mimi ningeanzia kwa huyo mama. Andika jina lake. Zitokee tu nukta za anaonunua kwao na anaowauzia. Akigusa mmoja, wa huyo nao wafunguke. Mauzo madogo madogo yafichwe mpaka ayaitishe. Si uganga: watafiti van Ham na Perer walilipendekeza jambo hili 2009. Lakini picha ya nukta kumi na mbili haimshtui mfadhili, sivyo?

Na jedwali je? Majina pembeni, majina juu, kisanduku kikitiwa rangi wanauziana. Hakuna mstari wa kupandana na mwingine. Utafiti wa Ghoniem na wenzake wa 2004 ulionyesha kwamba mtandao wa namna hii, wa nani na nani, ukishakuwa mkubwa na kushikana, jedwali husomeka vizuri kuliko mistari. Haya, nakubali: ukitaka kufuata gunia kutoka mtumbwini mpaka Kibuye, jedwali linakuchosha, mistari inalishinda. Basi chora mistari ya gunia hilo moja.

Rangi kumi na tano za kijani kwenye picha ile, hizo hata sizisemi.