Usafi wa Ziwa Uanzie Mlimani

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, Mto Mirongo hushuka na maji ya rangi ya udongo yaliyobeba chupa za plastiki, viroba, pampasi na mabaki ya sokoni, ukapita Mabatini na katikati ya jiji, kisha ukayamwaga yote Ziwa Viktoria. Baadaye hutolewa wito wa usafi wa ufukwe, nasi tunajitokeza na reki na glavu. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Lakini kusafisha ufukwe huku vilima vikiachwa kama vilivyo ni kuteka maji kwa pakacha.

Anayeijua Igogo, Isamilo au Mabatini anajua taka zinatoka wapi na kwa nini. Nyumba zimejengwa juu ya miamba, njia ni ngazi na vichochoro, na gari la taka huishia chini barabarani. Mama anayeishi juu anadaiwa ada ya taka sawa na majirani zake wa kando ya lami, ila kiroba chake lazima akishushe mwenyewe kichwani au amlipe kijana. Siku gari lisipotokea, kiroba hubaki pembeni mwa mtaro na mvua ya usiku humalizia kazi. Choo ni tatizo kubwa zaidi. Mwamba hauchimbiki, shimo huwa fupi na hujaa upesi, gari la kunyonya majitaka halipandi, basi wengine husubiri mvua ndipo watapishe choo. Ni kosa, tena ni hatari, kwa kuwa maji ya bomba tunayokunywa huvutwa kutoka ziwa hilihili, Capri Point na Butimba. Hata hivyo, faini haimpi mtu mahali pa kupeleka uchafu. Mabomba ya majitaka yaliyopitishwa juu ya miamba katika baadhi ya mitaa ya vilimani yameonyesha kwamba jambo hili linawezekana.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito, na ni sheria njema, ila haiwezi kuzuia kinachoporomoka kutoka juu. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilileta mabadiliko tuliyoyaona kwa macho kwa sababu lilianzia dukani, kabla mfuko haujafika mtaroni.

Ninachokitaka ni kwamba sehemu ya ada ya taka ibaki mtaani, iwalipe vijana wa kushusha taka kwa siku zinazojulikana, na mapato na matumizi yake yasomwe kwenye mkutano wa mtaa mbele ya wanaolipa. Katiba, ibara ya 146, inasema madhumuni ya Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sioni madaraka yoyote kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye hana hata fedha ya kununua makoleo. Jiji na Manispaa ya Ilemela zikubaliane utaratibu mmoja, maana maji ya vilima vyote huishia ziwa moja.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo, kila diwani wa kata ya mlimani awaeleze wapiga kura wake, kwa shilingi, ni kiasi gani cha ada iliyokusanywa kwao kilirudi kuwalipa watu wa kushusha taka.