Kabla ya gunia, shika penseli

Anayejitolea kusafisha ufuo hupenda picha ile ya mwisho: magunia yamepangwa, watu wamelowa jasho, meno nje. Ninazo nyingi. Siku hizi nikizitazama najiuliza jambo moja tu: ndani ya magunia yale mlikuwa na nini hasa?

Bahari haichoki kutapika. Mkiokota leo, maji ya bamvua yakija na kupwa mtakuta mchanga umejaa tena. Ukiipima kazi hii kwa kilo, ni kutwanga maji kinuni, na utaiacha mapema. Kilichonifanya nisiiache ni ile karatasi ya kuhesabia taka zilizookotwa, ambayo wengi huikwepa kama deni.

Mwaka 1986 Linda Maraniss na Kathy O'Hara waliandaa usafi wa ufuo huko Texas, Marekani, wakawataka waliojitokeza waandike kila walichookota. Ndipo ulipoanzia usafi wa fukwe wa kimataifa unaofanyika kila Septemba, na mtindo wa kuandika haujaachwa. Kwa miaka mingi vichungi vya sigara ndivyo vilivyoongoza orodha. Mvutaji hukitupa akidhani ni pamba, kitaoza. Ni plastiki.

Umoja wa Ulaya ulipotaka kubana plastiki za kutumia mara moja, ulianza na vitu vilivyoonekana zaidi katika hesabu za fukweni. Sheria ikapita mwaka 2019, na tangu Julai 2021 mirija, sahani na vijiko vya plastiki, pamoja na vijiti vya pamba za masikio, vikapigwa marufuku sokoni. Waliopiga magoti mchangani wakihesabu vijiti vya masikio (kazi ya kuudhi, naijua) sidhani kama walijiona wanatunga sheria.

Chini ya maji hesabu ina uzito zaidi, kwa kuwa taka za huko hazionwi na mpita njia. Lakini huko moyo wa kujitolea hautoshi. Wavu uliotelekezwa huendelea kuvua bila mvuvi, na haubagui samaki na mzamiaji. Uwe na kisu, mwenzako awe karibu, na mtungi wa hewa usiuache ukaribie kuisha kwa tamaa ya kipande kimoja zaidi. Mfuko wa taka ukijaa hukuvuta chini. Ukikuponyoka ghafla, wewe unapaa juu, na kupaa haraka ndiko kunakoumiza wazamiaji. Wavu uliokwisha kushikwa na matumbawe usiung'oe. Kata sehemu inayoning'inia, iliyobaki iandike na uiache.

Na chupa ichungulie kwanza. Niliwahi kupanda na moja nikiamini ni tupu. Kumbe kaa alishahamia, na hakufurahia safari. Ilibidi nirudi nimshushe, mwenzangu akicheka mapovu.

Wapo wanaosema kuhesabu kunapunguza kasi, gunia moja linakula saa nzima. Ni kweli, kunapunguza. Mimi nachagua gunia moja lililoandikwa kuliko kumi yanayokwenda jalala bila mtu kujua yamebeba nini. Kwa hiyo mkinialika, nipeni kibao cha plastiki na penseli, maana penseli huandika hata ndani ya maji. Kubeba, bebeni nyinyi.