Usitafute uzi wenye nguvu kuliko wote

Anayejichongea upinde wa mti akifika kwenye upote, yaani uzi wa upinde, huuliza swali moja: uzi gani haukatiki? Mimi naona swali hilo limekaa upande. La kuuliza ni uzi unavutika kiasi gani. Mshale ukishaondoka, upote husimama ghafla, na ule mshtuko lazima uishie mahali. Uzi ukikataa kuvutika hata kidogo, zinazoumia ni ncha za upinde.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa poliesta, ile ambayo wapiga mishale huiita Dacron. Huvutika kiasi na kuusamehe mti. Dyneema, aina ya uzi wa plastiki wenye nguvu sana, karibu haivutiki kabisa, na kweli hurusha mshale kwa kasi zaidi. Lakini kwenye upinde wa kwanza, ambao hata mchongaji mwenyewe hajui udhaifu wake uko wapi, kasi hiyo ya ziada naiona anasa. Ukipiga na Dyneema kwa muda, angalia pale kitanzi kinapokaa kwenye mti laini: utaona mfereji mwembamba umeanza kuchimbika.

Sasa idadi ya nyuzi zinazounganishwa kuwa upote mmoja, ambako hesabu huwachanganya wengi. Uzi mmoja wa Dacron aina ya B-50 hukatikia kwenye pauni 50 hivi. Kanuni iliyozoeleka ni upote uweze kubeba angalau mara nne ya uzito wa kuvuta, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta upinde. Upinde wa pauni 40 basi unataka upote wa pauni 160, yaani nyuzi nne zinatosha! Kwenye karatasi tu. Upote wa nyuzi nne ni mwembamba mno: unakata vidole, unaila ncha, na mkato wa mshale, ule wa nyuma unaoshika upote, unacheza juu yake. Tena nyuzi hazibebi mzigo sawasawa, na kila penye kusokotwa au kusuguliwa pana udhaifu. Ndiyo maana kwa upinde wa nguvu hiyo watu hutumia nyuzi 12, na mimi siendi chini ya hapo. Kwa upinde wa mtoto wa pauni 20 na kitu, 8 zinatosha.

Kuongeza tu nako si dawa. Kila uzi wa ziada ni uzito ambao upinde unausukuma pamoja na mshale, na uzito wa katikati ya upote ndio unaopunguza kasi hasa. Ule wa kwenye vitanzi hauna madhara makubwa, kwa hiyo unene wako uweke huko. Katikati, acha uzi wa kuzungushia, ule unaoviringishwa juu ya upote pale mshale unapokaa, uamue: mshale ushike upote kwa wepesi, na ukigonga upote kidogo kwa kidole mshale uachie.

Nailoni ya kuvulia samaki sina la kuitetea. Inavutika kupita kiasi, mafundo yake yanateleza, upote unalegea siku hiyo hiyo. Kano za mnyama ni nzuri kuzitazama, ila zikipata unyevu zinalegea.

Ukishikilia Dyneema, sawa, lakini ongeza nyuzi kwenye vitanzi pekee hadi vinenepe, na ubandike pembe au mti mgumu kwenye ncha kabla ya kupiga mshale wa kwanza.