Picha Ipo, Njia Ndiyo Iliyopotea

Dada yangu alinipigia simu jioni moja, sauti imemshuka. "Mdogo wangu, picha ya baba imefutika." Nilishtuka, maana folda anayoizungumzia naijua vizuri. Humo kaweka barua za marehemu baba, rekodi za sauti yake na picha zote tulizowahi kuziskani, na folda yenyewe akaipa aikoni ya uso wa baba ili aione mara tu anapofungua diski. Diski ni ile ya nje, ya kuchomeka. Alikuwa amebadilisha kompyuta, na kwenye hiyo mpya folda imekaa njano tupu kama wenzake wote.

Hakuna kilichofutika. Barua zipo, sauti ipo, hata ile aikoni yenyewe ipo. Lakini nilimwelewa, na nasema wazi kwamba wanaoyaita mambo haya mapambo ya watoto hawajawahi kutafuta folda moja kati ya mia zinazofanana. Jicho hutambua uso kabla halijamaliza kusoma jina. Kwa mtu ambaye macho yameanza kuchoka, aikoni ndiyo jina lenyewe.

Kinachoniudhi ni ushauri unaotolewa kila mara mtu akilalamikia jambo hili: futa kache ya aikoni (nakala ambazo kompyuta hujiwekea ili izionyeshe haraka), zima kompyuta, washa tena. Mtu anafuta mafaili asiyoyajua, anawasha upya mara tatu, na folda bado ni ya njano. Kache ina makosa yake, nitayafikia, lakini mimi huanzia ndani ya folda yenyewe, kwa sababu huko ndiko Windows ilikoandika agizo.

Nilimwomba dada aruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, na yale ya mfumo pia, ambayo yana tiki yake ya pekee kwenye mipangilio ya folda. Likajitokeza faili dogo lililofifia rangi: desktop.ini, ambamo Windows huandika maagizo ya sura ya folda. Akalifungua kwa Notepad, akanisomea mstari mmoja herufi kwa herufi:

IconResource=D:\Aikoni\baba.ico,0

"Dada, hiyo diski sasa hivi inaitwa herufi gani?" Akanyamaza kidogo. "E."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Ukichagua aikoni kupitia dirisha la sifa za folda, picha haibandikwi kwenye folda. Inaandikwa anwani ya mahali faili la aikoni lilipo siku ile, kuanzia herufi ya diski. Diski ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine ikapewa herufi nyingine, anwani imekufa. Ukilihamisha faili la aikoni, au ukalifuta ukisafisha eneokazi, ni hivyo hivyo. Ile sifuri ya mwisho haina neno, inaonyesha tu aikoni ya kwanza ndani ya faili.

Dawa ni kuweka baba.ico ndani ya folda hiyo hiyo, kisha kufupisha mstari ubaki IconResource=baba.ico,0. Hakuna herufi ya diski, hakuna njia ndefu. Folda ikihama, inahama na sura yake. Sielewi kwa nini Windows haifanyi hivyo yenyewe tangu mwanzo. Kwenye Mac, ukibandika picha katika dirisha la maelezo ya folda, inahifadhiwa ndani ya folda kwenye faili lililofichwa linaloitwa Icon. KDE, mojawapo ya mazingira ya eneokazi kwenye Linux, nayo huandika chaguo lako katika faili la .directory humo humo ndani. GNOME, mazingira mengine ya Linux, huliweka kwenye kumbukumbu za mtumiaji, nje ya folda, kwa hiyo ukiipeleka folda kwenye kompyuta nyingine usitarajie chochote.

Tulibadilisha mstari, tukahifadhi, na folda ikabaki ya njano. Hili la pili ndilo huwakatisha watu tamaa. Windows haisomi desktop.ini ya kila folda, kwani ingechelewa mno. Huisoma pale tu folda ina alama ya kusomwa tu au alama ya mfumo. Kwenye folda, alama ya kusomwa tu haizuii kuandika kitu ndani, ni ishara tu ya kuambia Windows kwamba hapa pana maelezo ya pekee. Folda ikibanwa kwenye faili la zip au ikinakiliwa na programu isiyojali alama hizo, agizo linabaki ndani bila msomaji. Na kile kisanduku kwenye dirisha la sifa hakitakusaidia, maana kinagusa mafaili ya ndani, si folda. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

attrib +r "E:\Baba"

Dada aliandika, akabonyeza Enter, akafunga dirisha na kulifungua tena. "Amerudi," akasema.

Kama asingerudi, hapo sasa ningeitazama kache. Windows hutunza nakala za aikoni katika mafaili yanayoanza na iconcache, na wakati mwingine huonyesha ya zamani ingawa wewe umeshabadilisha. Hata hivyo sifuti kitu. Nalipa faili la aikoni jina jipya, baba2.ico, na kurekebisha mstari. Jina hilo halimo kwenye kache, hivyo Windows inalazimika kusoma upya.

Wengine hulichukua faili la jpg wakalibadilisha jina tu liishie na ico. Halitafanya kazi, kwa sababu ico ni muundo tofauti, wenye picha ile ile kwa vipimo kadhaa: 16, 32, 48, hadi 256. Tumia programu ya kubadilisha muundo, na uitazame aikoni ikiwa ndogo kabla hujaridhika nayo. Kwa kipimo cha 16 kwa 16 una nukta 256 tu za kuchora uso wa mtu. Picha nzima ya baba akiwa amesimama mlangoni ikawa doa la kahawia. Tulikata uso peke yake, kofia na miwani, ikasomeka.

Usichanganye aikoni na picha ya folda, ile inayochaguliwa kwa kitufe kingine kwenye dirisha lile lile. Picha huonekana folda zikiwa kwenye mwonekano mkubwa tu, na hutoweka kabisa kama mipangilio imeagiza aikoni badala ya vijipicha. Ukiwa kwenye orodha, usiitafute.

Na tafadhali, usifute desktop.ini ukidhani ni virusi. Mbili zinazojitokeza kwenye eneokazi ukionyesha mafaili yaliyofichwa ni za kawaida: moja ya eneokazi lako, nyingine ya eneokazi la watumiaji wote.

Kabla hatujakata simu tulilificha baba.ico, lisikae katikati ya barua. Mwanawe dada anapenda kusafisha diski.